Makaa ya Kokwa za Zeituni

Simu ilipolia, mdogo wangu Olfa alikuwa na rola nusu ya kichwa, na nusu nyingine nywele zilikuwa zinamchuruzika maji shingoni. Ilikuwa Alhamisi, saluni yangu ya barabara ya Gremda imejaa wateja, na nilikuwa nimemkalisha pale kwa nguvu. Jumamosi angesimama mbele ya jopo kutetea shahada yake ya uzamivu, na sikuwa tayari kuona nusu ya mji wetu wa Sfax ikimkodolea macho binti yetu na kichwa kama ufagio. Alitazama jina kwenye simu, akaruka kutoka kitini. Rola mbili zikadondoka.

"Ndiyo, Madame Raoudha," alisema. Huyo ni mtahini wa nje, profesa kutoka Monastir, mwanamke ambaye wanafunzi humtaja kwa sauti ya chini. Olfa akasikiliza. Akameza mate. "Ndiyo, Madame. Tulichuja. Ndiyo, yakiwa moto. Matokeo yapo."

Alipokata simu uso ulikuwa umemparara. Mimi namjua mdogo wangu. Hawezi kudanganya hata bei ya viatu alivyonunua, na sasa hivi nilikuwa nimemsikia akidanganya kwa sauti ya upole kabisa, mbele ya wateja wanne na mtoto aliyekuja kunyolewa.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Nimemwambia nimefanya kitu ambacho sijafanya."

"Kitu gani?"

"Hayet, nimalizie nywele niondoke."

"Sikumalizii mpaka useme. Na ukitoka hivyo paka watakukimbia."

Basi akanieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa, mtu wa shampuu na mikasi. Kuna karakana mjini kwetu zinazogeuza mafuta yaliyokaangiwa vitumbua na samaki kuwa dizeli. Kazi hiyo huacha gliserini nyingi, ileile tunayopaka mikononi, ila hii ni chafu na haina mnunuzi. Ukiichanganya gliserini na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ukaweka na kitu kichachu cha kuzichochea, vinazaa kimiminika chepesi. Hicho ukikitia kidogo kwenye petroli, gari linapunguza moshi.

Shida ni hicho kitu kichachu. Wengi hutumia tindikali kama ya betri. Inachochea vizuri sana, lakini inabaki humohumo, inakula vyuma, na kuitoa ni balaa. Olfa yeye anachukua kokwa za zeituni kutoka kwenye vinu vya mafuta, anazichoma mpaka ziwe makaa, anayachemsha makaa kwenye tindikali hadi ukali uyashike, kisha anaosha ukali wote ambao haukushikwa. Makaa yakimaliza kuchochea unayachuja kama majani ya chai na kuyatumia tena. Tasnifu nzima ilisimama juu ya jambo hilo moja: kwamba ukali uko kwenye makaa na hautoki.

"Sasa Madame Raoudha anauliza kama tulichuja katikati ya kazi," Olfa alisema. "Unayatoa makaa mchanganyiko ungali moto, unaacha kimiminika peke yake. Kikitulia, makaa ni ya kweli. Kikiendelea kubadilika bila makaa, basi ukali umevuja. Basi nilichofanya miaka yote ni kuficha tindikali ndani ya makaa na kuisifu."

"Na kwa nini hukujaribu?"

"Si Nejib alisema hakuna haja. Maji ya kuoshea yalikuwa safi."

Si Nejib, yaani Bwana Nejib, ndiye profesa anayemsimamia, mzee wa watu, anastaafu Juni, na wanafunzi wake wanampenda kuliko baba zao. Akisema hakuna haja, haja inakufa palepale.

"Basi jaribu kesho."

"Na kama yamevuja, Hayet? Keshokutwa nitasimama niseme nini?"

Nikawasha mashine ya kukausha nywele.

Ijumaa nilifunga saluni nikaenda naye. Chuo kilikuwa likizo ya majira ya kuchipua, na bawabu hakubali mtu kuingia maabara ya tindikali peke yake, hata awe nani. Mlango ulipofunguliwa harufu ya asetoni ikanipiga puani, nikajisikia niko nyumbani. Hilo ndilo jambo zuri pekee lililonipata siku hiyo.

Olfa alimimina gliserini kwenye chupa ya kioo, kisha asetoni. Gliserini ikakaa chini, asetoni juu, na katikati mstari ulioonekana wazi. Hazikutaka kuonana, kama mawifi. Akatia makaa yake meusi, akawasha moto mdogo na kile kidude cha kukoroga. Kila baada ya muda alizima kukoroga ili tuone, na kila mara tabaka la chini lilikuwa limepungua.

"Linaisha kwa sababu zinaungana," alisema. "Zikishaungana zote mstari unapotea."

Lilipofika nusu alichuja harakaharaka, nami nikamshikia chupa. Weusi wote ukabaki kwenye karatasi. Chini kikapita kimiminika safi, matabaka mawili kama awali, na mstari wake. Akakirudisha kwenye moto, bila hata punje ya makaa.

"Sasa?"

"Sasa tunautazama mstari. Ukibaki hapohapo, nimepona."

Niliutazama ule mstari kuliko nilivyowahi kutazama maziwa jikoni. Olfa aliweka alama kwa kalamu kwenye kioo, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Alikuwa anakula kucha. Niliogopa kupumua, kana kwamba pumzi yangu ingeusukuma.

"Umesogea?" aliuliza akiwa dirishani.

"Haujasogea," nilisema.

Ulikuwa umesogea. Nilimdanganya kwa sababu sikuweza kulitamka. Alikuja mwenyewe akainama, akaona alama ya kalamu iko juu na mstari uko chini yake. Tulisimama tukitazama tabaka likiyeyuka taratibu, bila makaa, bila aibu, mpaka chupa nzima ikawa kimiminika kimoja safi. Mdogo wangu akakaa sakafuni na koti lake jeupe.

"Lakini maji yalikuwa safi," alikuwa anarudia. "Hayet, yalikuwa safi! Kila siku niliyadondoshea chumvi ya bariamu. Tindikali ikiwemo, maji yanageuka meupe kama maziwa. Hayakugeuka. Mwisho hayakugeuka hata kidogo."

"Uliyaosha vipi?"

"Kwenye ndoo. Maji baridi. Asubuhi namwaga, naweka mengine, namwaga, naweka mengine, mpaka..."

Akageuka, akanitazama. Kila nyumba ya Sfax yenye mama ndani ina ndoo hiyo mwanzo wa majira ya baridi. Zeituni mbichi zinapondwa kidogo, zinalowekwa, maji yanabadilishwa kila asubuhi mpaka uchungu utoke. Na maji ni ya baridi. Ole wako utie ya moto, zeituni zinakuwa uji na Mama anakufukuza jikoni.

"Umeyaosha kama zeituni," nilisema, na Mungu anisamehe, nikacheka.

Yeye hakucheka. Alinyanyuka akachemsha maji, akatia humo makaa kutoka kwenye kopo alimoyahifadhi kama dhahabu, akakoroga, akachuja, akadondosha tone moja la bariamu. Maji yakawa maziwa. Maji baridi yalikuwa yameosha ukali ulioko mlangoni mwa vitundu vya makaa tu. Ule uliojificha vyumbani ulikuwa unasubiri joto, na joto la kwanza kuupata lilikuwa la kazi yenyewe.

"Nani alikufundisha ile ndoo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Niliikuta. Wote humu wanaosha hivyo, wala sikuwahi kujiuliza. Mkono wangu ulikuwa umeshaizoea tangu nyumbani."

Akaanza kuchemsha. Alichemsha na kuchuja, alichemsha na kuchuja, na kila tone la bariamu lilimpa jibu lilelile jeupe, ila kila mara jepesi zaidi. Si Nejib alitukuta hivyo alipotoka sala ya Ijumaa, bado na jebba yake, kanzu nyeupe ya sala. Olfa alikuwa amempigia simu akamweleza yote, hata uongo wa Alhamisi, na naona alikuwa amekuja mbio, maana alihema. Alitazama ile chupa isiyo na mstari, akatazama maji meupe. Akavuta kigoda akakaa.

"Yakishaoshwa hivi yatafanya kazi kiasi gani?" aliuliza.

"Sijui, Si Nejib. Nitayakausha, niyajaribu kesho asubuhi. Pungufu sana, nadhani."

"Nani mwingine anajua?"

"Dada yangu."

Alinitazama kama mtu anayehesabu kuku akakuta bata. Kisha akaongea na Olfa taratibu, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonikera. "Binti yangu, sikiliza. Ripoti za jopo zimeshatiwa saini. Kesho yule mama atauliza swali lake, nawe utajibu kama ulivyomjibu kwenye simu. Neno moja. Baadaye tutafanya upya, tutatoa marekebisho kwa utulivu."

"Na kama ataomba kuona matokeo?"

"Hataomba. Umeshasema yapo. Sasa ukigeuka mbele ya watu utakuwa mwenye makosa mawili, la kazi na la ulimi. Ukijichimbia shimo pale ukumbini mimi sitakuwa na mkono wa kukutoa."

"Ee Si Nejib," nilisema, nikashindwa kuvumilia, "kwa hiyo adanganye mara ya pili ili ya kwanza isione upweke?"

"Wewe dada, hujui mambo haya."

"Kweli sijui. Lakini nywele mbovu nikizipaka rangi, zikigusa maji zinanitaja."

Alisimama, akagusa ndoo tupu iliyokuwa chini ya meza kwa ncha ya kiatu chake, akaondoka. Nilimchukia wakati ule. Lakini niliona mikono yake ikihangaika kutafuta mifuko ambayo jebba yake haikuwa nayo.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kila mtu alikuwa na furaha. Mama alikuwa amekaanga, ameoka, amepanga vitamutamu vya baklawa na biskuti za kaak za maji ya waridi kwenye masinia ya arusi. Shangazi walikuwa wanagombana ni nani atakaa mstari wa mbele. Olfa hakula.

"Unaumwa?" Mama aliuliza.

"Mama, kazi yangu ina kasoro."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Mama alimtazama, unga mikononi. Nilingoja aseme neno la kumtuliza. "Watu wameshaalikwa," alisema, akarudi kwenye sinia.

Jumamosi asubuhi Olfa aliyajaribu makaa yaliyokaushwa. Nilienda naye tena. Tulipoyachuja yakiwa moto, mstari ulisimama palepale kwenye alama ya kalamu, haukusogea hata unywele. Makaa sasa yalikuwa ya kweli. Lakini kabla ya kuchujwa yalikuwa yamefanya kazi yakijikokota kama punda mgonjwa. Kazi yake haikufika hata theluthi ya ile iliyoandikwa kwenye tasnifu, kitabu kinene kilichokwisha kufungwa jalada la bluu na kugawiwa kwa jopo.

Nilimtengeneza nywele palepale maabara, kwa kuwa muda haukuwepo. Kichwa chake kilikuwa cha moto mikononi mwangu.

"Utasemaje?" nilimuuliza.

"Sijui. Nikifikiria kusema kweli naogopa. Nikifikiria kusema uongo naogopa vilevile."

Ukumbi ulijaa mchana. Mama na shangazi walikaa mbele na hariri zao, masinia yamefunikwa kwenye meza ya nyuma. Mstari wa pili walikaa waliopata shahada zao katika maabara ileile, wamekuja kumshangilia mwenzao. Miongoni mwao alikuwepo Ikram, msichana mrefu wa Mahdia aliyepita mwaka jana kwa sifa ya juu kabisa na sasa anafundisha Gabès. Jopo lilikaa juu, Si Nejib pembeni na suti yake ya kijivu, na Madame Raoudha katikati. Nywele zake fupi, zimekatwa na mtu anayejua kazi. Hilo lilinitia hofu zaidi.

Olfa alieleza kazi yake kwa sauti kavu. Shangazi walitikisa vichwa kila alipotaja zeituni, maana ndilo neno pekee walilolielewa. Kisha yakaja maswali. Wa kwanza akauliza, akajibiwa. Wa pili akauliza, akajibiwa. Madame Raoudha akavua miwani.

"Tuliongea Alhamisi," alisema. "Uliniambia mlichuja yakiwa moto. Kwenye kitabu silioni jaribio hilo. Tuelezee ukumbini hapa ulichokiona."

Nilishika mkono wa Mama nikaubana hadi akaguna. Olfa alimtazama Si Nejib. Si Nejib alikuwa anatazama meza.

"Alhamisi nilikudanganya, Madame," alisema Olfa.

Akaendelea, mwanzoni kwa kigugumizi, halafu kwa sauti iliyozidi kunyooka. Alisema alifanya jaribio jana, baada ya kudanganya na si kabla. Alisema makaa yalivuja. Akaeleza ndoo, maji baridi, bariamu iliyokaa kimya, na maji ya moto yaliyogeuka maziwa. Akataja kiasi kipya alichopata asubuhi ile, kidogo mno hata mmoja wa jopo akamwomba arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo namba zilizo kwenye kitabu hiki," Madame Raoudha alisema akikigonga kwa kidole, "ni za tindikali iliyovuja."

"Ndiyo, Madame. Zote."

"Na kuosha kwa ndoo, kulitoka wapi? Sijapata kusoma popote."

Olfa alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwamba hakuna aliyemfundisha, kwamba aliikuta. Angejibebesha lote peke yake. Lakini kiti kilivutwa, na Si Nejib akasimama.

"Ndoo ni yangu," alisema. "Niliileta mimi, wakati gesi ilikuwa haba na maji ya kuchemsha ni anasa. Niliwaambia, mama zetu wanatoa uchungu wa zeituni kwa maji baridi, nasi tutafanya hivyo. Na jana nilimwambia binti huyu anyamaze. Andika na hilo, Madame. Si lake, ni langu." Akakaa. Mzee wa watu, anastaafu Juni.

Jopo lilitoka. Sisi tukangoja kwenye korido, na kungoja kule kulinichosha kuliko kusimama siku nzima saluni. Mama aliniuliza kila nilipogeuka, "Ameanguka? Niambie tu, ameanguka?" Shangazi mmoja alifunua sinia, nikamtazama, akalifunika. Olfa alisimama peke yake karibu na ukuta. Hakuna aliyemsogelea, hata mimi. Niliogopa nikimgusa atamwagika.

Walirudi. Hawakumpa shahada. Madame Raoudha alisoma kwa sauti isiyo na joto wala baridi kwamba kitabu kimerudishwa, kazi yote ifanywe upya kwa makaa yaliyooshwa kwa maji yanayochemka, na mtahiniwa aitwe tena mbele ya jopo hilihili. Kisha akafunga faili. "Mwaka ujao nitauliza swali lilelile," alimwambia Olfa. "Na safari hii nitakuamini jibu."

Mama hakuelewa neno, ila aliona hakuna aliyepiga makofi. Akalia. Nami nililia, kwa hasira, kwa kuchoka, na kwa sababu baklawa zilikuwa nyingi mno.

Olfa hakulia. Alikuwa anakusanya karatasi zake Ikram alipomjia. Sikumtambua mara ya kwanza. Uso ulikuwa umemparara vilevile kama wa mdogo wangu siku ile saluni, mate yanamezwa, kucha ziko mdomoni. Nyuma yake walisimama wenzake wa mstari wa pili, watatu waliopata uzamivu mwaka jana na mwaka juzi, kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

"Olfa," Ikram alisema, karibu kwa kunong'ona, "mimi nilipita kwa ndoo ileile. Kitabu changu kimeshachapishwa. Watu wanakinukuu. Nifanye nini?"

Olfa alimtazama. Aliweka karatasi chini, akamshika mkono.

"Una makaa yako yaliyobaki?"

"Ninayo kopo moja. Liko kwenye gari."

"Kalilete," alisema mdogo wangu. "Mimi naenda kubandika maji."